Kunguru Hawaingii Mtegoni, Risasi Haziwapati: Kosa Liko Wapi?

Vita yangu na kunguru ilianza kwa vifaranga. Ukifuga kuku wa kienyeji Kigamboni, Dar es Salaam, bila kufunika banda kwa juu, kunguru anaijua idadi ya vifaranga vyako kuliko unavyoijua wewe. Kuku wangu mmoja alitotoa 11. Siku ya tano alikuwa anatembea na 3. Nikanunua kunguru wa plastiki, nikamwita jamaa mwenye bunduki ya upepo na vibali vyake vyote, na mwisho nikamwita fundi seremala tukajenga mtego wa mbao na waya. Vyote vitatu viligoma, kila kimoja kwa namna yake, kabla havijaanza kuzaa matunda.

Hapa naandika dalili nilizoziona na sababu nilizozikuta nyuma yake. Jambo moja nalitanguliza maana litarudi kila mahali: mara nyingi mtego ni mzima na bunduki ni nzima, ila kunguru wameona kitu ambacho hukutaka wakione. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, ndivyo tulivyofundishwa. Huyu wa kwetu si mwoga hata kidogo, anapokonya samaki kwenye sinia la mchuuzi mchana kweupe, lakini ubawa wake anauwahisha vilevile.

Kwanza: una kunguru yupi?

Tunayemsema ni kunguru wa Bara Hindi, mwembamba, mweusi, shingo na kifua vya rangi ya majivu. Mombasa na Malindi wengi humwita kurabu. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akala taka, kisha akaendelea na kila kitu kingine, na kutoka hapo akaenea pwani. Mombasa alionekana mwaka 1947. Anakula mayai na makinda ya ndege wenyeji, na popote alipojaa, ndege wadogo wa bustanini huadimika. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hawa 1,000,000 kabla ya mwaka kwisha, basi usidhani ni chuki yako binafsi.

Kunguru mwenye kifua cheupe na kola nyeupe, mkubwa kidogo na mdomo mnene, ni mwenyeji wetu wa siku zote. Huyo hahusiki. Akiingia mtegoni unamfungulia mlango, na mwenye bunduki asiyeweza kuwatofautisha wakiwa wamelipa jua mgongo asipige kabisa.

Halafu vibali. Bunduki ya upepo si mwanasesere. Tanzania na Kenya zote zina sheria za silaha, na Kenya imepiga marufuku uwindaji wa wanyamapori tangu 1977. Anzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa wanyamapori wa wilaya, na kwa upande wa bunduki uende polisi kabla hujainunua. Sumu sizungumzii hapa, hiyo ni kazi ya wenye leseni na mafunzo.

"Wanatua juu ya mtego, wanapiga kelele, hawaingii"

Mtego wenyewe ni banda la mbao na waya wa kuku, urefu mita 3, upana mita 2, kimo mita 2. Paa lake halikuinuka katikati kama la nyumba, limezama, na kwenye bonde la paa hilo kumelazwa ngazi. Kunguru anasimama juu ya ngazi, anaona chakula na wenzake chini, anakunja mbawa na kujidondosha katikati ya vijiti. Akitaka kutoka lazima aruke, na akiruka mbawa zinakunjuka, nafasi haimtoshi tena. Ujanja wote wa mtego uko hapo.

Sababu ya kwanza ya kutoingia ni upya. Tulimaliza kujenga Jumamosi, Jumapili tukaweka chambo na kukaa barazani tukingoja kama watu wanaongoja pilau. Kunguru walikaa juu ya mwembe wakitutazama sisi. Mtego mpya uache mlango wazi kabisa, umefungwa kwa kamba usijipige, na chakula kiwepo nje na ndani kwa siku 10 hadi 14 bila kumnasa yeyote. Siku za mwanzo watakula cha nje tu. Kisha mmoja, kwa kawaida kijana asiye na adabu, ataingia kwa mlango. Kwangu ilikuwa siku ya 9. Wakishazoea kuingia na kutoka kwa mlango, punguza cha nje, halafu funga mlango na uache ngazi ifanye kazi.

Sababu ya pili ni jirani. Mita 60 kutoka kwangu kulikuwa na meza ya kuparulia samaki. Nani aingie kwenye waya kwa ajili ya ugali mkavu wakati pale matumbo ya samaki changu yametapakaa? Chambo chako lazima kishinde cha mtaani. Matumbo ya samaki, ngozi na miguu ya kuku, na mayai yaliyopasuliwa kiini kikaonekana. Yai ndilo lililonifungulia njia. Kipande cha mkate mweupe nakiweka kwa ajili ya macho tu, kwa sababu kinaonekana kutoka juu ya mti. Chakula chote kiwe chini ya ngazi moja kwa moja, kwenye sinia, kisirushwe pembeni. Kunguru akikiona pembeni atakizunguka kwa nje siku nzima akijaribu kukivuta kupitia waya.

Ya tatu ni mahali. Mtego uliobanwa kati ya ukuta na kichaka hauwapi nafasi ya kuuchunguza, na kunguru hatui asipopaona vizuri. Uweke peupe, mti wa kutua ukiwa mita 15 au 20 hivi.

"Wanaingia, wanakula, wanatoka"

Hii inaudhi kuliko zote, maana umewafungulia mgahawa. Pima nafasi kati ya vijiti vya ngazi. Fundi wangu alipima kwa shibiri yake, na shibiri yake ni kubwa: nafasi ikawa sentimita 20. Vipimo vinavyozungushwa ni vya sentimita 15, lakini hivyo vilianzia kwa kunguru wa nchi nyingine ambao ni wakubwa. Wa kwetu ana uzito wa gramu 300 hivi. Nilipobana hadi 13 wakaingia na hawakutoka tena.

Kama nafasi iko sawa, tazama fito za kutulia ulizoweka ndani. Mimi kwa huruma yangu niliweka fito moja juu, karibu na ngazi, wapumzike kivulini. Nilikuwa nimewajengea ngazi ya pili. Mmoja alitua pale, akanyoosha shingo, akashika kijiti kwa mdomo na mguu, akapanda. Wenzake wakatazama. Kufika saa 10 jioni wote walikuwa wameshajifunza. Fito ziwe kwenye ncha mbili za banda, kimo cha kiuno, mbali na bonde la paa. Unaweza pia kuning'iniza vipande vya waya vya urefu wa kiganja kuzunguka nafasi za ngazi. Kushuka havizuii, kupanda vinachoma.

Mwisho kagua pembe. Waya wa kuku uliopigiliwa misumari michache hufumuka kwenye pembe za chini, na kunguru ana siku nzima ya kutafuta tundu hilo.

"Kunguru chambo yupo ndani, lakini wenzake wanamkimbia"

Kunguru ni ndege wa jamii. Chakula peke yake huwaleta, lakini anayewashusha ni mwenzao anayekula bila wasiwasi. Huyo ndiye kunguru chambo, na ndiye anayewashinda wengi.

Mara ya kwanza nilipata mmoja, nikamfunga mguu kwa kamba ya katani ndani ya mtego kwa kuogopa atatoroka. Akapiga kelele asubuhi yote. Juu ya mwembe wakajaa kunguru kama 50, wakapiga kelele nao, wakazunguka, kisha wakaondoka wote kwa pamoja. Jirani yangu mzee mmoja, mvuvi aliyestaafu, alikuwa anapita na ndoo yake.

"Mwanangu, huyo umemkaribisha au umemfunga?"

"Shikamoo mzee. Nimemfunga."

"Marahaba. Basi ndicho anachowaambia wenzake."

Hakusema zaidi, akaendelea na safari. Nilimfungua kamba jioni ileile.

Wanasema kunguru hafugiki. Kunguru chambo inabidi umfuge hivyohivyo. Anahitaji kivuli cha makuti juu ya nusu ya banda, maji safi kwenye beseni pana, na chakula cha kutosha kila siku. Beseni liwe pana kwa sababu kunguru anapenda kuoga, na kunguru anayeoga akirusha maji ni tangazo lisilo na mfano: aliye juu anaona wazi kwamba huku chini kuna amani. Weka 4 hadi 6, usiweke mmoja. Mmoja hujikunyata pembeni. Wakiwa kadhaa hugombania chakula, na ugomvi wa chakula ndio wito wenyewe.

Kama unao wa kutosha na bado wanafukuza wenzao, tafuta aliyeumia au aliyekufa. Kunguru wakimwona mwenzao amekufa hukusanyika, hulia, na baada ya hapo mahali pale hupatilia shaka. Mzoga mmoja uliolala kwenye pembe ya banda tangu asubuhi unaweza kukugharimu wiki nzima. Kagua alfajiri kabla hawajafika na jioni wakishaondoka. Aliyevunjika bawa mwondoe usiku huohuo. Na wabadilishe: baada ya wiki mbili waliofungiwa huchoka, manyoya hutimka, hawana tena sura ya mtu aliyeshiba. Chukua wapya kutoka kwa walionaswa.

"Wiki ya kwanza 40, wiki ya pili 2"

Hapa kosa ni la mkono wako. Ulitoa kunguru mchana.

Nilifanya hivyo. Saa 8 mchana, banda limejaa, nikaingia na gunia nikiwa nimevaa kofia nyekundu ya mpira. Walionaswa wakapiga kelele, wa nje wakaja kushuhudia, na kesho yake kila nilipotoka nje na kofia ile nilisindikizwa kwa matusi hadi kituo cha bodaboda. Nilidhani nimechanganyikiwa. Baadaye nikasoma kuhusu John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walioanza mwaka 2006 kunasa kunguru wakiwa wamevaa barakoa. Kunguru wale waliikumbuka barakoa ile kwa miaka, wakaizomea kila ilipopita, hata ilipovaliwa na mtu mwingine, na wengine waliozomea hawakuwahi kunaswa wenyewe. Wale ni kunguru wa Marekani, aina nyingine, lakini mimi na kofia yangu hatukuhitaji ushahidi zaidi.

Basi utaratibu ni huu. Kunguru hulala kwa makundi makubwa, na jioni wote huelekea kwenye miti yao ya kulala. Subiri giza liingie, wa mwisho awe amepita. Ingia na tochi hafifu. Gizani kunguru aliyenaswa hutulia, unamshika bila vurugu. Vaa glavu nene, kwa ajili ya mdomo wake na kwa ajili ya kuku wako, maana kunguru anaweza kubeba kideri, ugonjwa unaoua kuku. Viatu vya kuingilia mtegoni visiingie kwenye banda la kuku. Kila mmoja umvunje shingo kwa mkupuo mmoja. Anayesitasita ndiye anayemtesa ndege. Okota manyoya, zika kina cha nusu mita au zaidi mbwa wasifukue, na uwaache wa chambo na maji yao. Asubuhi kunguru wanaporudi wakute banda lilelile, lina wenzao wachache wanaokula.

Jambo la pili, tenganisha mlishaji na muuaji. Kwangu binti yangu ndiye anayepeleka chambo na maji mchana, na hajawahi kumgusa kunguru. Wanamfahamu, wanamngoja. Mimi mchana siukaribii mtego.

Kama umeshaharibu, usishindane nao. Fungua mlango, lisha bure wiki mbili, au hamisha mtego mita 200 au 300 uanze upya.

"Asubuhi mtego mtupu, waya umechanika"

Mbwa, paka, nguchiro, au watoto. Alama za miguu zitakwambia. Kwa wanyama, zika waya sentimita 20 chini ya ardhi kuzunguka banda. Kwa watoto, weka kufuli, na waite uwaeleze kinachofanyika. Nusu yao watakuwa walinzi wako. Ukikuta njiwa, mwewe au kunguru mwenye kola nyeupe ndani, mwachie siku hiyohiyo. Ndiyo sababu mtego hauachwi na mtu anayesafiri. Ukisafiri, acha mlango wazi.

Sasa bunduki

Wengi huanza na bunduki kwa sababu inaonekana rahisi. Mimi naiweka ya pili, na mwishoni nitasema kwa nini. Lakini kama unayo kihalali na una eneo, makosa yake ni haya.

Wanazunguka juu ya sanamu za plastiki, kisha wanakwenda zao. Sanamu nyingi zinazouzwa ni za kunguru wa Ulaya na Marekani: kubwa, nyeusi tupu, zinang'aa kama kiatu kilichopigwa dawa. Kunguru wa Dar akitazama chini anaona majitu sita yasiyo ya kabila lake. Paka shingo na kifua rangi ya kijivu isiyong'aa, na mwili upake nyeusi isiyong'aa. Zipange kama wanaokula: zielekee upepo unakotoka, zisilingane kabisa, moja ikae juu ya kisiki kama mlinzi, na katikati uache uwazi wa mita 2 au 3 wenye chakula halisi. Ndege hutua akiukabili upepo, kwa hiyo uwazi huo ndio uwanja wake wa kutulia. Zote zikitazama upande mmoja zimepanga foleni, na hakuna kunguru anayepanga foleni.

Usisahau sababu ya kuweka sanamu. Lengo ni kumshusha ndege ardhini, mbele ya tuta la udongo. Risasi ya bunduki ya upepo iliyokosa ikaelekea juu inaweza kusafiri mamia ya mita na kushukia bati la mtu au jicho la mtoto. Mitaani, kunguru aliye juu ya mti hapigwi. Kama sanamu hazimshushi, hakuna kupiga siku hiyo.

Wengine huweka bundi wa plastiki, kwa sababu kunguru humchukia bundi na humvamia kwa kelele. Ni kweli watakuja. Lakini watazunguka hewani wakizomea, hawatui, na baada ya mara mbili tatu wanagundua kwamba bundi huyu hageuzi hata shingo. Kwangu aliondoka siku ya pili: mama jirani alikuja kuniomba kwa adabu nimtoe, maana mkwewe alikuwa mgonjwa na yeye hataki bundi upande ule wa ukuta. Sikubishana.

Kama sanamu ziko sawa na bado hawashuki, wanakuona wewe. Uso na viganja hung'aa kuliko unavyofikiri. Ingia kwenye maficho kabla hakujapambazuka, uwe na kitu cheusi nyuma yako, funika uso, na mdomo wa bunduki usitokeze nje. Kunguru hapotezi muda na kitu kisichosogea. Anayegeuza shingo kila dakika ndiye anayeonekana.

Risasi inapita juu au chini. Kabla hujamlaumu mpigaji, kaza skrubu za darubini. Bunduki ya springi hutikisika mara mbili, nyuma kisha mbele, na mtikisiko huo hulegeza kila kitu. Hewa ya chumvi ya pwani humalizia. Kisha tazama namna unavyoishika. Bunduki ya springi haitaki kubanwa wala kulazwa juu ya ubao mgumu. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, mahali palepale kila mara. Jamaa yangu aliilaza kwenye dirisha la mbao, ikawa inapiga juu kila mara, akageuza vifundo vya darubini hadi vikaishiwa.

Halafu umbali. Darubini iko sentimita 4 au 5 juu ya mtutu, na risasi inaanguka njia nzima. Chukua bunduki ya risasi za milimita 5.5 yenye nguvu ya joule 16 hivi, ambacho ndicho kiwango cha juu cha England na Wales kwa bunduki ya upepo isiyohitaji cheti. Ukiirekebisha darubini ili risasi ipige ulipolenga kwenye mita 25, kwenye mita 5 itapiga kama sentimita 2 chini, na kwenye mita 40 kama sentimita 10 chini. Kichwa cha kunguru hakina sentimita 10. Pima kwa hatua, weka vijiti vya alama mita 15, 20 na 25, na zaidi ya hapo usipige. Ukipiga bunduki ikiwa imeelekea juu au chini sana, risasi hutua juu kidogo ya ulipolenga. Na upepo: kusi ikivuma ubavuni kiasi cha kupeperusha bendera vizuri, mita 25 risasi inahama sentimita 4 hivi. Asubuhi mapema kabla upepo haujaamka ndio wakati wake.

Amepigwa, lakini ameruka. Hii ni dhambi zaidi kuliko kosa. Sababu karibu kila mara ni umbali, au amepigwa tumboni na kwenye mbawa. Lenga kichwa, au kifua cha juu akiwa amekukabili, mita 20 na pungufu. Tumia risasi zenye kichwa cha mviringo, na ujaribu aina tatu nne kwenye karatasi kabla ya kuchagua, kwa sababu kila mtutu una aina inayoipenda. Zilizochongoka husifiwa sana dukani. Kwangu zilitawanyika kama mtama. Akianguka akiwa hai, maliza mara moja, usisubiri mwingine atue.

Baada ya mlio wa kwanza hawarudi wiki nzima. Hapa hakuna cha kutengeneza. Umewafundisha. Kila risasi inaua mmoja na kusomesha walioona, na ndiyo maana bunduki haiwezi kupunguza kundi la mamia. Inafaa mwishoni, kwa wachache waliobaki waliokataa mtego. Huko Uholanzi, kwenye bandari ya Hoek van Holland, kunguru hawahawa walianza kwa ndege wachache waliofika na meli, na kikundi hicho kidogo ndicho kilichopigwa risasi. Dar es Salaam haina kikundi kidogo.

"Nanasa kila siku, lakini hawapungui"

Nilifika hapa mwezi wa nne. Zaidi ya 300 nilikuwa nimezika, na mwembe bado umejaa. Kabla hujakata tamaa, hesabu. Chagua sehemu moja, saa ileile ya jioni, uhesabu wanaopita kuelekea kulala kwa nusu saa, mara moja kila wiki, uandike kwenye daftari. Macho hudanganya, daftari halidanganyi. Langu lilionyesha wamepungua kidogo sana, kisha wakaongezeka.

Sababu moja ni viota. Mayai huwa 3 hadi 5, na ukinasa wazima huku makinda yanakua juu ya mti wa mkungu, unajaza ndoo inayovuja. Msimu wa kuzaa, mtu anayejua kupanda ashushe viota. Utavikuta vimesukwa kwa vipande vya waya na kamba za plastiki, na hakikisha kwanza ni vya kunguru huyu.

Sababu nyingine ni chakula. Nafasi unayoiacha hujazwa na kunguru wa mtaa wa pili, mradi meza ni ileile. Nilikwenda kwa wale vijana wa meza ya kuparulia samaki, mita 60. Tukakubaliana: mimi nilinunua pipa mbili za plastiki zenye mifuniko, wao wanatia matumbo humo, na jioni nachukua yote. Nusu inakuwa chambo cha mtego, nusu nazika kwenye mashimo ya migomba. Wiki ya tatu baada ya pipa zile, hesabu ya jioni ilishuka kutoka 212 hadi 90. Pipa moja tayari limeibiwa mfuniko, nimeweka jiwe.

Kuku yuleyule ametotoa tena, vifaranga 9. Leo ni siku ya 16, na nimehesabu 8. Huyo mmoja aliangukia kwenye beseni la kunguru.